Jinsi Tulivyotafuta Injini ya Motokaa ya Mjomba

Katika toleo hili napenda kuwaelezeni habari za injini ya motokaa: jinsi inavyokufa, jinsi inavyotafutwa nyingine ya kuwekwa mahali pake, na mambo ambayo mnunuzi hana budi kuyachungua kabla ya kutoa fedha zake. Mimi si fundi. Ni mwanafunzi wa Kidato cha 4, na haya nitakayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu wakati wa likizo ya Desemba iliyopita, nilipokuwa nyumbani kwa mjomba wangu mjini Morogoro. Lakini nataka kusema tangu mwanzo kwamba katika habari hii mimi si mtazamaji tu. Injini ile ilipokufa nilikuwa nimekaa kando ya dereva, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Motokaa yenyewe ni Toyota Starlet ndogo iliyoundwa Japani mwaka 1997, kwa hiyo imenizidi umri kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1999 Starlet ziliachwa kuundwa, na nafasi yake ikashikwa na Vitz. Mjomba hufuga kuku wa mayai, na motokaa hii ndiyo mkono wake wa kulia. Kila Jumanne na Ijumaa hupeleka trei za mayai madukani, na akirudi huchukua pumba za kuku. Katika mayai hayo ndimo inamotoka karo ya binti yake mkubwa, ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Motokaa ikisimama, mayai hulala ndani. Na mayai yakilala ndani, karo nayo hulala.

Siku ile tulikuwa tunatoka Dumila, tumepakia magunia manne ya pumba. Jua lilikuwa kali. Nikatazama saa za mbele ya dereva, nikaona mshale wa joto umepita katikati. Nikatazama tena baada ya kitambo, mshale umekaribia alama nyekundu. Nilitaka kusema. Lakini mjomba alikuwa akizungumza habari za bei ya pumba, naye ameendesha motokaa tangu kabla sijazaliwa. Nikajiambia, mimi ni nani hata nimfundishe mkubwa wangu kazi yake? Nikanyamaza. Nadhani nilinyamaza kwa muda wa dakika tano. Kisha tukasikia harufu, mvuke ukafuka mbele ya kioo, injini ikagonga mara mbili tatu kama mtu anayegonga mlango kwa nyundo, ikazimika. Haikuwaka tena. Bomba la mpira linalotoka katika rejeta lilikuwa limepasuka, na maji yote yalikuwa yamemwagika njiani.

Motokaa ikavutwa kwa kamba hadi kwa fundi. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akatuonyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akasema, "Mzee, maji na oili vimekutana. Hapa hapana salama." Alipoifumua, alikuta hedi imepinda, gasketi imeungua, na ndani ya silinda mbili kuna mikwaruzo mirefu ambayo ukipitisha ukucha unanasa.

Hapo nikakumbuka somo letu la fizikia juu ya kutanuka kwa vitu vigumu. Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, lakini hedi iliyo juu yake ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Tuseme hedi ina urefu wa sentimita 40, na joto limezidi kwa digrii 100. Aluminiamu itataka kurefuka kwa kama milimita 0.92, na chuma kwa kama milimita 0.44. Lakini vyote viwili vimefungwa pamoja kwa bolti! Kwa kuwa hedi haina pa kwenda, hupinda. Nayo ikipinda hata kwa sehemu chache za mia za milimita, gasketi haiwezi tena kuzuia maji, oili na moto visikutane. Pistoni nazo ni za aluminiamu. Zikitanuka kupita kiasi hubana katika silinda na kuikwaruza. Hiyo ndiyo ile sauti ya nyundo tuliyoisikia.

Mjomba alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuitengeneza injini ile ile: kupeleka bloku ikachongwe, kununua pistoni na ringi za kipimo kikubwa zaidi, na kutafuta hedi nyingine. Fundi alipiga hesabu ikafika shilingi 1,400,000. Njia ya pili ni kununua injini nzima iliyotumika, katika zile zinazotolewa katika motokaa kuukuu za Japani na kuletwa huku kwa meli. Hiyo, fundi alisema, huenda ikapatikana kwa shilingi 900,000 au zaidi kidogo. Mjomba alikuwa na shilingi 1,000,000 tu ndani ya nyumba, nazo zilikuwa karo ya binti yake. Alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema, "Nikilipa karo leo, muhula ujao sina cha kulipa. Nikinunua injini mbovu, sina karo wala motokaa." Basi ikakatwa shauri tununue injini, na mimi nifuatane naye Dar es Salaam, kwa kuwa, alisema, "wewe unasoma mambo haya ya mitambo."

Usiku ule sikupata usingizi. Alfajiri nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kuwa niliuona mshale ukipanda nikanyamaza. Mjomba alinitazama, akasema, "Dereva nilikuwa mimi, na macho ninayo. Lakini siku nyingine, mpwa wangu, useme. Heshima haimkatazi mtu kusema kweli." Sikuongeza neno.

Kabla ya kusafiri nilifanya kazi moja, nayo ndiyo somo la kwanza kwa anayetafuta injini: jua jina kamili la injini yako. Usiende dukani ukasema, "Nataka injini ya Starlet." Fungua boneti utafute kibao kidogo cha bati kilichobandikwa na waundaji. Katika kibao chetu kulikuwa na maandishi EP91, na mahali pa injini pameandikwa 4E-FE, 1331. Maandishi haya si mapambo. Katika EP91, herufi E ni ukoo wa injini, P ni alama ya Starlet, na tarakimu ni toleo lake. Katika 4E-FE, tarakimu 4 na herufi E huonyesha kuwa hii ni ya nne katika ukoo wa E. F huonyesha kuwa hedi ina shafti mbili za kufungulia vali, na E ya mwisho ni kwamba petroli hunyunyizwa kwa kuongozwa na umeme, si kwa kabureta. Ile 1331 ni ujazo wa silinda zote nne kwa sentimita za ujazo.

Ujazo huo twaweza kuupata wenyewe kwa kanuni ya mcheduara tuliyofundishwa katika hesabu. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 74, yaani nusu kipenyo ni sentimita 3.7. Mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu ni milimita 77.4, yaani sentimita 7.74. Zidisha 3.1416 kwa 3.7 kwa 3.7, kisha kwa 7.74, utapata karibu 333. Zidisha kwa silinda 4, nawe utapata kama 1331. Nilipopata jawabu hilo kwa kalamu yangu mwenyewe nilifurahi, kwa maana niliona kuwa hesabu za daftarini ndizo zilizomo ndani ya chuma.

Tukapanda treni ya umeme, ambayo imekuwa ikienda kati ya Morogoro na Dar es Salaam tangu mwaka 2024, tukafika mapema. Maduka ya spea tuliyoyaendea yako Gerezani, karibu na Kariakoo. Asiyepafika mahali pale hawezi kuamini: injini zimepangwa chini kama viazi sokoni, giaboksi zimelundikwa hadi darini, na vijana wanapita wakiuliza, "Mzee, unatafuta nini?"

Duka la kwanza walituonyesha injini safi iliyoandikwa kwa rangi nyeupe "4E". Bei yake shilingi 800,000. Mjomba alipendezwa, akaanza kufungua mfuko wa koti. Mimi nikaomba kitambaa chenye petroli kidogo, nikasugua masizi ubavuni mwa bloku mahali palipochapwa namba. Ikatokea wazi: 5E. Moyo wangu ulipiga. Mjomba alikuwa amekwisha kupeana mkono na mwenye duka, na watu wanne walikuwa wamesimama wakitutazama. Kwa muda mfupi nilijiona niko tena katika ile barabara ya Dumila, natazama mshale. Nikasema, "Mjomba, tafadhali, hii siyo."

Mwenye duka akatazama, akasema, "Dogo, hizi ni ndugu. Tena hii ina nguvu zaidi." Kwa kweli hakukosea kusema ni ndugu. Injini ya 5E-FE ina kipenyo kile kile cha milimita 74, lakini mwendo wa pistoni ni milimita 87, na kwa hiyo ujazo wake ni 1497. Wako watu waliofunga 5E katika Starlet, nayo ikaenda. Lakini kompyuta ya motokaa yetu imepangwa kugawa petroli kwa injini ya ujazo wa 1331. Ukibadili ujazo, yakupasa kutafuta na kompyuta yake na nyaya zake. Na kila kimoja kina bei. Tena kadi ya motokaa imeandikwa 1331. Mjomba alisikiliza, akarudisha fedha mfukoni, akamshukuru mwenye duka kwa adabu. Sisemi kuwa mtu yule alitaka kutudanganya. Huenda naye alinunua kwa kutazama rangi nyeupe tu.

Duka la pili tulipata 4E-FE ya kweli, pamoja na giaboksi na stata yake. Sasa nitaeleza namna ya kuipima injini iliyo chini sakafuni. Kwanza tulifungua kifuniko cha oili tukatazama chini yake: hapakuwa na utando wa rangi ya maziwa. Tukatazama njia za maji: hapakuwa na kutu nyingi. Kisha tukatia spana katika bolti kubwa ya mbele tukaizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Mizunguko miwili ni lazima, kwa sababu katika injini ya mipigo minne kila silinda hutimiza kazi yake yote kwa mizunguko miwili. Ilizunguka bila kukwama.

Ndipo tukaomba kipima kompresheni. Plagi zote nne huondolewa, kipima hukazwa katika tundu moja, mlango wa hewa hufunguliwa wote, na stata huzungushwa kwa betri mpaka mshale wa kipima usimame. Hufanywa hivyo kwa kila silinda. Tulipata 170, 170, 165, na ya nne 90, kwa ratili juu ya kila inchi ya mraba. Silinda zikipishana kidogo si neno. Lakini moja ikiwa nusu ya wenzake, pana ugonjwa. Tukatia kijiko kimoja cha oili katika silinda ile ya nne tukapima tena. Jaribio hili lina maana yake. Kama ringi zimekwisha, oili huziba nafasi kwa muda, na kipimo hupanda. Kama tatizo ni vali au gasketi, oili haifiki huko, na kipimo hakipandi. Mshale ulibaki pale pale, 90. Basi tulijua kuwa vali haifungi au gasketi inavuja, tukaiacha.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na mjomba alikuwa amechoka. Alisema, "Labda ile ya kwanza ingetufaa." Nilitamani kumwambia tu ndiyo, kwa maana nilikuwa na njaa. Lakini tukaingia duka la tatu. Huko tulipata 4E-FE iliyotoka katika motokaa ya gia za kujibadili zenyewe. Vipimo vyake vilikuwa 165, 170, 170 na 165. Plagi za nyaya zake nilizilinganisha na picha nilizopiga kwa simu katika motokaa yetu, moja baada ya moja, kwa sababu 4E za miaka ya kwanza na za miaka ya mwisho hazifanani katika kila kitu. Zililingana. Bei ilianzia shilingi 1,000,000, ikashuka hadi 870,000.

Mjomba hakulipa mpaka mambo matatu yalipotimizwa. La kwanza, risiti halali ya mashine ya kodi. La pili, namba ya injini iandikwe juu ya risiti, tena tuisome wenyewe kwenye chuma. La tatu, mwenye duka aandike kwa mkono wake kuwa ikiwa injini haifanyi kazi ndani ya siku 14, ataibadilisha. Wengi huyaona mambo haya kuwa usumbufu. Lakini kumbukeni kuwa kadi ya motokaa huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini pia. Ukibadili injini yakupasa kupeleka habari kwa Mamlaka ya Mapato ili kumbukumbu zirekebishwe. Mtu asiye na risiti atathibitishaje kuwa injini si ya wizi?

Injini ikaja Morogoro kwa lori, nasi tukarudi kwa treni tukiwa na shilingi chache tu. Fundi hakuifunga siku ile ile. Alisema kuwa injini ikiwa nje, kila kitu kiko karibu na mkono; ikiisha kuingia ndani, kazi ya saa moja huwa ya siku nzima. Kwa hiyo alibadili kwanza mkanda wa taimingi, sili za oili za mbele na nyuma, pampu ya maji na filta. Kwa kuwa injini hii ilitoka katika motokaa ya gia za kujibadili, haikuwa na gurudumu zito la nyuma ambalo mafundi huliita flaiwili. Akalitoa katika injini yetu ya zamani, akalifunga katika hii, akatia klachi mpya juu yake.

Mwisho akashughulika na kile kilichoiua ya kwanza. Mabomba yote ya mpira yalibadilishwa, si lile lililopasuka tu, maana yalikuwa na umri mmoja. Rejeta ilisafishwa. Kifuniko cha rejeta kilinunuliwa kipya, nami nikamwuliza kwa nini, ilhali cha zamani kilikuwa bado kinafunga. Akanijibu kuwa kifuniko hakizuii maji yasimwagike tu. Huzuia na mgandamizo. Maji yakigandamizwa kwa kiasi kile cha rejeta hayachemki kwa digrii 100, bali kwa kama 118. Kifuniko kikilegea, maji huchemka mapema, na yakichemka huwa mvuke, na mvuke haupozi chuma. Termostati pia alirudisha, ingawa wako watu wanaoitupa wakidhani ndiyo inayoleta joto. Kazi yake ni kuifikisha injini katika joto linaloifaa na kuishikiza hapo.

Fedha za ufundi mjomba alikopa katika chama chao cha wafugaji. Injini iliwaka siku ya nne, jioni. Nilisimama karibu nikisikiliza, na mkewe mjomba akatoka jikoni mikono ikiwa na unga. Ijumaa iliyofuata trei 40 zilikwenda madukani. Karo ya chuo ilichelewa kwa wiki tano, ikalipwa kwa mafungu mawili. Dada yetu alikubaliwa kuendelea na masomo huku akingoja. Sasa ninapoandika, bado mjomba analipa deni la chama, lakini analilipa kwa mayai, si kwa kuuza shamba.

Wenzangu wa madarasa ya chini, nawaachieni zoezi: chukueni kipenyo cha milimita 74 na mwendo wa milimita 87, mtafute ujazo wa ile 5E kwa silinda 4. Mkipata karibu 1497 mmepatia. Na nyinyi wazazi wetu mnaosoma ukurasa huu, nawaombeni jambo moja kwa heshima: mtoto akiwaambia kuwa mshale umepanda, msimkemee.

Tangu siku ile, kila nikipanda motokaa ya mtu, hutazama kwanza saa ya joto. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuona ufa, nami nimeona bei ya ukuta.